Tumbo la Msoma Risala

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimeteuliwa! Kamati ya Maji ya kijiji, katika kikao chake cha asubuhi ya leo ghalani, imeniteua mimi, Selestini, kuwa msoma risala mbele ya mgeni rasmi atakayekuja kusikiliza kero yetu ya maji, Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba. Miaka kumi na minane nimewaandikia watu wa hapa barua zao — mipaka ya mashamba, vyeti vya kuzaliwa, na barua kumi na nne kuhusu maji peke yake — na sijawahi hata mara moja kuisoma barua yangu kwa sauti mbele ya yule aliyeandikiwa. Sasa nitasoma! Kwa kipaza sauti!

Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Mwenyekiti wa Kamati ni Kibibi, Mama Ashiru. Yeye ni Myao, mimi ni Mmakonde, basi ni watani, na mtani hashtakiwi kwa alisemalo. Akasema: Baba Furaha, simama. Nikasimama. Geuka upande. Nikageuka. Akawaambia wajumbe: huyu ndiye akamwambie mgeni kwamba hatuna maji? Mgeni atalitazama hilo tumbo atasema, kumbe maji wanayo, wameyahifadhi humu!

Wakacheka. Katibu aliangusha kalamu.

Nilijibu, kwa utulivu, kwamba risala husomwa kwa mdomo. Akasema: na huo mdomo nani atauona? Tumbo lako linafika mkutanoni nusu saa kabla yako.

Likapita azimio. Mama Ashiru alifungua kamba ya katani kwenye ndoo yake, akanizungushia usawa wa kitovu, kisha akapiga fundo — si pale ncha zilipokutana, bali vidole sita ndani. Fundo likifika kwenye ncha ya pili, nasoma mimi. Lisipofika, anasoma Mwalimu Jafari. Mwalimu Jafari ana miaka ishirini na tisa na hana tumbo kabisa. Mtu mwema, lakini leo hii, mbele ya kikao, ametamka: "tunaomba watusapoti kwenye hii ishu ya maji." Katika risala! Sikukubali moyoni na sitakubali.

Wiki saba. Vidole sita. Yatosha!

Jumanne, 3 Septemba 2024

Nimetengeneza nakala ya kamba, fundo mahali pake, na kuithibitisha kwa kuilinganisha na kamba halisi mbele ya Mama Ashiru. Nakala inaning'inia ukutani juu ya meza yangu.

Nimeona ni vyema nia yangu iwe katika maandishi, ili mwili wenyewe usije ukadai haukuelewa:

*Yah: Ombi la kuondolewa mafuta, eneo la tumbo tu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwombaji anaomba, kwa heshima na taadhima, mafuta yaliyopo kati ya mbavu na kiuno yaondolewe kabla ya tarehe 19 Oktoba. Ombi hili halihusu mashavu, shingo wala mabega.*

Kifungu cha mashavu ni cha lazima. Mashavu haya yamenitumikia. Mtu mwenye mashavu akiingia ofisini hupewa kiti; mwenye uso uliokauka huambiwa asubiri nje.

Binti yangu Furaha, aliyeolewa Masasi, amenitumia video. Kijana wa kwenye video anaahidi: siku kumi na nne, tumbo tu, mengine yote yanabaki. Unalala chali, unakunja magoti, unajiinua mara mia moja. Nimefanya kumi na moja. Mama Furaha, yaani mke wangu Yasinta, alichungulia mlangoni: umeanguka? Nikamwambia nafanya mazoezi ya eneo husika. Akasema eneo husika uji wake unapoa mezani.

Jioni nimekataa ugali. Nimekaa na rasimu ya risala hadi magharibi, natafuna korosho tu.

Ijumaa, 6 Septemba 2024

Masasi na kurudi. Safari yenye mafanikio makubwa!

Karibu na stendi yupo mfanyabiashara aitwaye Abdulrazaki, anauza mikanda ya jasho: mpira mweusi, mpana kama karatasi ya barua, unajifunga kwa utepe wa manyoya unaonata. Nilimuuliza swali langu nikiwa nimeliandaa tangu kwenye basi: je, kifaa hiki huondoa mafuta ya eneo lililofungwa pekee, au kina athari kwa maeneo jirani? Alinitazama. Akasema: mzee wangu, huu unakula kilichomo ndani yake. Mashavu yako hauyajui hata kwa jina!

Jibu lililonyooka namna hiyo sijawahi kulipata katika ofisi yoyote. Nimeuchukua.

Jumatano, 11 Septemba 2024

KIDOLE KIMOJA NA NUSU!

Tangu alfajiri nilikuwa nafagia chini ya mikorosho, mkanda ukiwa umekazwa chini ya shati. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Nilipofungua mkanda nilipima hapo hapo shambani, mara tatu, kwa uaminifu. Fundo limesogea kidole kimoja na nusu! Mama Furaha nilimpigia ukelele akatoka mbio akidhani nyoka.

Kwa mwendo huu nitamaliza kabla ya mwezi kwisha. Nimeanza kuandika aya ya shukrani.

Alhamisi, 12 Septemba 2024

Kimerudi chote. Nilikunywa maji.

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Zahanati. Si kwa hiari: mkanda umenitoa vipele kuzunguka kiuno chote, kama mstari uliopigwa kwa rula.

Nesi Dorika ni binti wa juzi tu lakini ana macho ya mkaguzi. Shikamoo, mzee. Marahaba. Alinipaka dawa, akanipima presha, akaikunjia uso, kisha akaushika mkanda kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikamweleza yote, tangu uteuzi hadi fundo. Nilitarajia pongezi kwa mpangilio wa maelezo yangu.

Akasema: mzee, mafuta hayatoki pale unapopakamua. Ukijiinua mara mia, misuli ya tumbo itakaza, na hilo ni jema. Lakini mafuta yaliyo juu yake mwili huyachukua unakotaka wenyewe. Mmoja yataanza usoni, mwingine mapajani. Hakuna wa kuuagiza.

Nikauliza: kwangu yataanzia wapi? Akasema: sijui, mwili wako haujaniandikia.

Nikamwambia kwamba ule mkanda ulipunguza kidole kimoja na nusu, na ninayo kumbukumbu ya maandishi. Akasema: ulitoa jasho, mzee, na jasho ni maji. Kwenu mna tangi la maji ya mvua? Lipo. Ukichota upande wa kulia, yanapungua upande wa kulia tu? Nikamwambia mwanadamu si tangi. Akasema ni kweli, tangi halibishani.

Kisha akauliza ninakula nini. Nikataja kwa utaratibu: asubuhi uji bila sukari, mchana nusu sahani, usiku situmii kitu. Akasema: vizuri sana. Na hicho unachotafuna sasa hivi?

Korosho.

Mbona hukuzitaja? Nikamwambia: umeuliza chakula!

Akaniomba nitoe zilizomo mfukoni. Nikazimimina kwenye bakuli lake la chuma. Bakuli likajaa. Akasema: hizi, mzee, ni karibu sahani mbili kubwa za ugali, na unaniambia usiku hutumii kitu? Nilipinga. Hizi ni vipande, zile zilizovunjika, ambazo hata mnadani hazipokelewi. Tangu mkorosho wa kwanza uote juu ya uwanda huu hakuna mtu aliyehesabu vipande kuwa chakula. Akamwita Flora anayefanya usafi: dada Flora, hivi korosho ni chakula? Flora alisimama na fagio lake, kinywa kinatembea, akajibu: korosho? Aah, hapana, tunatafuna tu.

Nesi Dorika alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Wiki mbili zimeliwa. Vidole vimebaki sita.

Jumanne, 17 Septemba 2024

Asubuhi niliandika barua ya pingamizi kwa Nesi Dorika, kurasa mbili, yenye vifungu. Nilipofika kwenye kifungu cha tangi nikaona si haki kupinga jambo nisilolikagua.

Nikachukua chaki. Nikaingia kwenye tangi letu la saruji, nikapiga alama usawa wa maji upande wa kulia, na nyingine upande wa kushoto. Nikachota ndoo tatu, zote kulia, taratibu, bila kutikisa. Nikatazama alama.

Zimeshuka sawasawa. Kulia na kushoto! Kushoto ambako sikugusa!

Nilibaki mle ndani magoti yakiwa ndani ya maji nikicheka peke yangu. Jambo hili ni zuri mno! Mtu unachota mahali pamoja, kumbe umechota kila mahali. Nilitamani kumwita mtu.

Aliyekuja ni Mama Furaha. Alitazama ndoo tatu, akanitazama miguu. Akasema: Baba Furaha, umeoga ndani ya maji ya kunywa? Ndipo nami nikatazama kile nilichopaswa kukitazama tangu mwanzo. Maji yenyewe hayakunifika magotini kwa sababu ya wingi. Nilikuwa nimepiga magoti. Yamebaki kimo cha kiganja. Septemba haijaisha.

Akasema kuanzia kesho anashuka bondeni.

Barua ya pingamizi nimeichana. Mafuta yatoke yatakakotoka, ila yatoke. Mashavu nayaweka mikononi mwa Mungu. Vipande vya korosho nimewapa kuku wa jirani.

Nami kesho nashuka naye.

Jumatano, 18 Septemba 2024

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mama Furaha na ndoo yake ya lita ishirini, mimi na ya lita kumi. Wanaume wa hapa hufuata maji kwa baiskeli, kwa njia ndefu ya kuzunguka, na mimi hata hivyo sijawahi. Nimekuwa na kazi ya kuandika. Njia ya wanawake hukata moja kwa moja ukingoni mwa uwanda na kutumbukia.

Kushuka ni kwepesi. Nilishuka nikizungumza.

Kisimani walikuwapo wanawake saba kwenye foleni. Waligeuka wote kunitazama. Kisha Josephina, mama mzazi wa Mwalimu Jafari, akasema kwa sauti: jamani, leo barua imekuja kwa miguu! Mwingine: barua kumi na nne hazikuleta maji, mwandishi kaona aje kuyachota. Mwingine akaniuliza kama nimefuata maji au nimefuata wake za watu, maana kwa tumbo hilo hatanikimbia mtu ila na mimi sitamkamata mtu. Walicheka mpaka ndoo zikagongana. Nilisimama wima, nikawaambia nimekuja kwa shughuli rasmi. Wakacheka zaidi.

Kupanda.

Sina maneno yaliyopangwa vizuri kuhusu kupanda. Ngata ilihama kichwani. Maji yalinimwagikia shingoni, mgongoni, kisha ndani ya suruali. Mama Furaha, mwenye miaka hamsini na mbili, alipumzika mara tisa. Mimi kumi na tisa. Mahali pake pa kupumzikia pana majina: jiwe jeupe, mkorosho uliolala, pale alipoanguka marehemu dada Ethel. Anayapita kila kiangazi tangu nimuoe. Mimi nimeyasikia leo.

Kwenye jiwe jeupe nilimwambia, kwa pumzi zilizobaki, kwamba katika barua zote kumi na nne nimeandika "umbali mrefu usioridhisha." Akafikiri. Akasema: mimi ningeandika shingo.

Nimefika na nusu ndoo. Miguu haiko tena chini ya mamlaka yangu. Lakini nimekaa mezani na nimefuta ukurasa wa kwanza wote wa risala. Ninaanza upya. Ninaanza na shingo!

Jumapili, 22 Septemba 2024

Magoti. Kanisani nimebaki nimekaa huku wengine wote wamesimama.

Alhamisi, 26 Septemba 2024

Siku tisa za bonde, asubuhi kwa asubuhi. Lita kumi hufika zote. Leo nimepumzika mara kumi na nne!

Mwili umeanza kujibu ombi langu. Umejibu kinyume cha kila kifungu. Mashavu yamekwenda ya kwanza. Kisha shingo — kola ya shati inazunguka yenyewe. Kisha makalio, suruali inaning'inia nyuma kama mfuko uliomwagwa, huku mbele kifungo kikiwa bado kinalia. Tumbo: nusu kidole. Nusu!

Kijijini wameanza kunipa pole. Sikuelewa. Pole, Baba Furaha. Nimepoa. Mungu atajalia. Leo asubuhi Josephina ameleta kuku wa supu, amemkabidhi Mama Furaha kwa mikono miwili na kuuliza kwa sauti ya chini kama nimekwenda kupima. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilitoka nikamjulisha kwamba mimi ni mzima, na kwamba ninapungua kwa azimio la Kamati. Akaniambia ndiyo, baba, ndiyo, kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa.

Kuku tumemla. Mimi nilikula paja moja, bila ngozi.

Nilipita zahanati. Nesi Dorika alipima presha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Imeshuka! Akapiga makofi kabisa, pale pale mbele ya wagonjwa. Nikamwonyesha tumbo. Akasema litafuata, mzee, nalo limo kwenye tangi lile lile. Litafuata lini? Hapo akatazama kalenda iliyo ukutani.

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Vidole vitatu vimekwisha! Vitatu vimebaki! Nimepima mbele ya Mama Furaha, bila kuvuta pumzi.

Mama Ashiru alikuja mchana. Alikaa kwenye mkeka, akanitazama muda mrefu bila utani, na hilo lilinitisha. Akasema: Baba Furaha, sasa umeniletea balaa jipya. Una uso wa kiu na tumbo la shibe. Mgeni atashindwa ajibu kipi.

Kisha akasema watu wanamwambia anamuua mtu kwa kamba. Kwamba nitaanguka kwenye kipaza sauti mbele ya mgeni, na badala ya maji kijiji kitaletewa jeneza. Akanitaka nimwachie Jafari kwa hiari, kwa heshima.

Nikamjibu kwamba ninabeba lita ishirini sasa. Akageuka kumtazama Mama Furaha. Mama Furaha akasema: ni kweli, tangu Jumanne, na anaimba njiani, watu wanalalamika.

Nilimsomea aya ya kwanza. Sijawahi kumsomea mtu rasimu. *Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuanza na shingo ya mwanamke. Kutoka kisimani hadi kijijini shingo hiyo hubeba lita ishirini na hupumzika mara tisa. Pa kwanza ni jiwe jeupe.* Niliendelea mpaka mahali alipoanguka dada Ethel. Ethel alikuwa shoga yake Mama Ashiru. Nilisahau hilo, au pengine sikusahau.

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasimama. Akasema risala hii isomwe, iwe iweje. Lakini neno lilipitishwa na wajumbe, na kamba ni kamba. Nisome mimi au asome Jafari, fundo ndilo litakalosema. Na mimi ningekuwa mwenyekiti ningesema vivyo hivyo. Azimio halifutwi mkekani.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Mwalimu Jafari amekuja. Shikamoo mzee, marahaba. Ametumwa na Kamati ajifunze risala, endapo. Neno hilo "endapo" nililisikia tumboni, pale pale penye mgogoro.

Nilimpa nakala. Nilitaka asome vibaya. Mungu anisamehe, nilikaa nimeegemea mbele nikisubiri aseme "ishu." Akaanza vyema, akafika kwenye mara tisa, akakwama. Akasema: mzee, mama yangu hupumzika mara kumi na mbili. Nimewahi kumhesabia.

Tukaketi. Nimefuta "mara tisa," tumeandika "mara tisa kwa mwenye afya, kumi na mbili kwa mwenye umri wa Josephina." Ni sentensi bora kuliko yangu. Nimemfundisha mahali pa kuvuta pumzi. Anasoma kwa kasi mno, lakini ana sauti.

Bado nataka kuisoma mimi. Nataka sana! Miaka kumi na minane!

Kimebaki kidole kimoja na nusu.

Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Kesho. Viti vimepangwa uwanja wa shule, turubai limefungwa, vipaza sauti vimeletwa kutoka Newala mjini na vimekuwa vikisema moja-mbili, moja-mbili tangu saa nne.

Kaunda suti yangu ya kijivu inafunga vifungo vyote. Vyote! Mara ya mwisho ilikuwa harusi ya Furaha. Mabegani imenipwaya, lakini imefunga.

Kamba: kimebaki kidole kimoja. Wakati mwingine nusu. Inategemea.

Nitaandika inategemea nini, kwa kuwa hapa hakuna asomaye. Nikivuta tumbo ndani na kuzuia pumzi, fundo linafika. Linafika kabisa! Nimefanya hivyo mara sita leo mbele ya ukuta. Na mkanda wa Abdulrazaki bado upo chini ya kitanda. Nikiuvaa saa mbili kabla, nitoe jasho, nisinywe kitu, fundo litafika hata bila kuvuta pumzi. Yaani nisimame mbele ya mgeni kuomba maji, nikiwa nimejinyima maji, ili nionekane sina maji.

Mama Furaha ameniona nikiutoa chini ya kitanda. Alichukua ndoo zote mbili, akaziweka mlangoni kwa ajili ya alfajiri, yake na yangu.

Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Saa moja na nusu. Tumetoka bondeni. Nimepumzika mara kumi. Kwenye jiwe jeupe nilikunywa maji, kikombe kizima, kisha cha pili. Mkanda umebaki nyumbani. Mama Furaha ameutumia kufungia mlango wa banda la kuku, unashika vizuri.

Saa tatu. Uwanjani. Kaunda suti, kalamu mbili, daftari hili mfukoni pale zilipokuwa zikikaa korosho. Watu wamejaa hadi nje ya turubai. Josephina amenishika mkono akauliza ninaendeleaje. Nimemjibu: vizuri, na ahsante kwa kuku. Mwalimu Jafari amevaa tai. Ana nakala yake. Midomo yake inatembea. Anapumua pale nilipomwonyesha.

Saa nne kasoro. Vumbi barabara ya Kitangari! Magari mawili. Matatu! Ngoma imeanza.

Mama Ashiru amenipungia mkono kutoka mlango wa darasa la tatu. Ana kamba.

Ndani ya darasa. Wajumbe wawili mashahidi, Jafari, Mama Furaha mlangoni, bega lake bado limelowa. Daftari nimeliweka juu ya dawati refu la mwalimu. Mama Ashiru ameniamuru nifungue koti, niinue mikono. Mkono mmoja nimeuinua. Huu nimeomba ubaki, kwa ajili ya kumbukumbu. Amesema, wewe hata ukifa utaandika.

Kamba imepita mgongoni. Ni baridi. Inanuka ndoo.

Nje mshereheshaji anamkaribisha mgeni. Makofi.

Mama Ashiru amenong'ona, karibu na sikio, mashahidi wasisikie: Baba Furaha, vuta basi tumbo kidogo. Mtani wangu! Ametoka kuniambia hilo yeye mwenyewe!

Nimemwambia: hapana, mama. Pima lilivyo.

Nimetoa pumzi yote. Tumbo limekaa mahali pake, mbele ya watu, lote. Sijawahi kusimama hivi tangu nipate kaunda suti. Ncha ya kamba inakuja kwa upande wa kushoto. Jafari ameacha kusoma. Kipaza sauti kinasema: sasa tunamwomba msoma risala.

Mama Ashiru hatazami kamba, ananitazama usoni. Anasema mkono wa kalamu unaliinamisha tumbo, hawezi kupima mtu anayeandika. Anataka mikono yote miwili juu. Naweka kal—